Sifuri ya Saa Tatu

Saa tatu asubuhi nafungua kipimamvua,
namimina kwenye kioo hewa tupu
na sisimizi mmoja aliyekauka.
Naandika: sifuri.
Siku ya kumi na moja leo, mkono umeshaizoea,
naichora duara kamili kama kifungo cha shati.

Mlima umevuliwa mawingu. Kibo iko wazi kutwa,
watalii wa Moshi wanainua simu zao juu,
nami nautazama weupe ule
kama mtu atazamavyo mbavu za ng'ombe.

Ofisini, picha ya satelaiti hubadilika kila robo saa.
Kusini kule, baharini, mashariki ya Mtwara,
kinazunguka: duara jeupe lenye tundu katikati,
unga unaosongwa na mwiko usioonekana.
Kina jina. Jina lilikuwa kwenye orodha
likikingoja kabla upepo wake haujavuma.
Ni jina la binamu yangu wa Kibosho, mpole kuliko sote,
kwa hiyo mimi nakiita "yule".

Yule anavuta. Hilo ndilo watu hawalielewi,
wanadhani kimbunga huumiza pale kinapofika tu.
Ni kama kulala na kaka mkubwa kitanda kimoja:
akigeuka na shuka lote,
wewe wa ukingoni ndiye unayeamka na baridi.
Unyevu wetu wa masika ulikuwa njiani kuja.
Umeitwa, umegeuza, umekwenda kwake.
Kishale juu ya mlingoti, kilichozoea kuelekea mashariki,
kimetazama magharibi kama mtu aliyesusa.

Mama ameshapanda mahindi Kahe.
Anapiga simu: "Aikaruwa, si mlisema wiki ya pili?"
Mlisema. Kana kwamba nimefungia mvua ghalani.
Namweleza kani ya hewa, namweleza bahari yenye joto.
Anasikiliza hadi mwisho, kisha:
"Kwa hiyo hicho kidude kinakula mbegu zangu
kikiwa huko huko?"
Ndiyo, Mama. Huko huko.

Mtwara yuko Somoe, mpimaji mwenzangu.
Hatujawahi kuonana, twajuana kwa tarakimu.
Usiku ule alinitumia barometa yake kila saa:
elfu moja na nne.
Elfu moja kasoro mbili.
Mia tisa tisini na moja, na maneno matatu:
"Mnazi umelala barabarani."
Kisha kimya.

Nikabaki na picha. Jicho la yule lilikuwa safi,
tulivu, pana kama wilaya,
na mahali fulani chini ya weupe ule
mwanamke ameuma tochi kwa meno
ili mikono ibaki na daftari na kalamu.
Satelaiti inaiona bahari nzima.
Tochi haiioni.

Saa kumi na mbili na dakika nane, alfajiri, simu ikatetemeka:
"Mia tisa themanini na tano. Ndiyo ya chini kabisa,
sasa inapanda. Bati la jiko limekwenda.
Kalamu ipo."
Nilicheka peke yangu, kisha nikaenda kunawa uso.

Siku tatu baadaye kishale kiligeuka
bila sherehe, nikiwa nakoroga chai.
Alasiri tone moja likapiga kibanda cheupe cha vipimajoto,
la pili likaangukia ukurasa, likavuruga wino wa Jumanne.
Basi. Mama kule Kahe alisema
amepata harufu tu.

Saa tatu asubuhi nafungua. Chupa imelowa,
lakini maji hayafiki hata mstari wa kwanza.
Kanuni ina neno kwa hili:
mvua isiyofika kipimo haijumlishwi,
ila ni mwiko kuiandikia sifuri.
Nikaandika: dalili.
Nikampigia picha Somoe ule ukurasa wenye doa.
Akajibu kabla sijafunga daftari:
"Hiyo nilikubakishia."